Uliza Fundi: Kigae cha zamani kimevunjika, cha kufanana nacho kiko wapi?

Safari hii barua nyingi zimekuja za mapaa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti tofauti, kwa hiyo nimeamua kuzijibu pamoja. Za mabomba na nyaya za umeme subirini zamu yenu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi nyumba ya babu, paa lake ni la vigae vyekundu vya udongo, sasa tawi la mti limeanguka likavunja vigae kumi na kitu hivi. Nimezunguka madukani na kipande mkononi, kila muuzaji anakigeuza geuza alafu anasema hiki hakitengenezwi tena. Mmoja akaniuzia vya kwake akasema ni vile vile, na kweli kwa macho vinafanana kabisa, ila fundi alipopanda navyo juu vikakataa kulala, vimeinuka upande mmoja na maji yanaingia. Sasa naambiwa niezue paa zima niweke vipya. Ni kweli hakuna njia nyingine? – Mrithi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa tawi. Usiezue kitu kwanza. Muuzaji akisema hakitengenezwi tena mara nyingi anamaanisha yeye hana, na hili la kununua vigae kwa macho ndo linawaponza wengi, maana vigae viwili vinaweza kufanana rangi, umbo, hata uzito, alafu vikapishana milimita nne tu kwenye mfereji wa pembeni na hapo hapo vikagoma kushikana. Kigae hakitambuliwi usoni, kinatambuliwa mgongoni na kwenye vipimo. Uso wa kigae ni mvua, jua, ukoga na miaka, haukwambii kitu cha maana.

Na kipande ulichozunguka nacho kiweke pembeni, unahitaji kigae kizima. Mwambie fundi ashushe kimoja karibu na pale palipovunjika, hapo vilivyobaki vimeshalegea havisumbui kutoka. Kioshe kwa maji na brashi laini, usitie asidi wala usikikwangue kwa waya, alafu kilaze kifudifudi juani uangalie mgongo mwanga ukiwa unatokea ubavuni. Utashangaa, yaani maandishi ambayo ulikuwa huyaoni kabisa yanatoka yenyewe kwa vivuli vyake: jina la kiwanda, mji, pengine namba, pengine alama tu kama mnyama, nyota, au herufi mbili ndani ya duara. Kama bado hayasomeki weka karatasi nyepesi juu yake na uisugue taratibu kwa penseli iliyolazwa, herufi zitajichora.

Hiyo chapa ni kitambulisho. Vigae vya kushikana, vile vyenye mifereji pembeni, vilianza kupata hati ya ubunifu huko Altkirch, Ufaransa, mwaka 1841 kwa ndugu wa ukoo wa Gilardoni, na baada ya hapo viwanda vikaibuka kila pembe na kila kimoja kikapiga jina lake mgongoni. Vya Marseille, huko huko Ufaransa, vilisafirishwa kwa meli hadi Australia mwishoni mwa karne ya 19. Vya Mangalore, India, vilianza na kiwanda cha wamisionari wa Basel mwaka 1865, alafu wenye viwanda wengine wa pale pale wakaiga umbo lile lile, ndo maana utakuta vigae vinavyoitwa jina moja lakini vya kiwanda hiki havikai na vya kile. Na angalizo la mwaka: ukikuta 1865 imepigwa kwenye kigae usianze kujigamba kwa majirani kwamba paa lako ni la mwaka huo, viwanda vingi vilipiga mwaka kilipoanzishwa kiwanda au mwaka wa hati ya ubunifu, na waliendelea kuupiga hivyo hivyo miaka nenda rudi.

Sasa vipimo, na hapa ndo naomba usikilize vizuri maana hata mafundi wanaruka. Urefu wote na upana wote wa kigae pima, andika, lakini hivyo siyo vipimo vinavyoamua. Kinachoamua ni upana unaofunika na urefu unaofunika, yaani kile kipande kinachobaki wazi baada ya mwenzake kumlalia, na hivi huvipimi mezani, unavipima juu ya paa lenyewe. Chukua mstari wa vigae kumi, anza kwenye ukingo wa kulia wa kimoja hadi ukingo wa kulia wa cha kumi na moja, gawa kwa kumi. Tuseme umepata sentimita 204, basi kila kigae kinafunika 20.4 hata kama mezani kinasoma 23.5. Fanya hivyo hivyo kwa kwenda juu, mistari kumi, gawa kwa kumi, hapo utakuwa umepata nafasi ya papi, zile fito za mbao zinazobeba vigae. Kwa nini kumi na siyo kimoja? Kwa sababu vigae vya zamani vilijikunja motoni kila kimoja kivyake, ukipima kimoja unaweza kuwa umempima yule mbaya kuliko wote.

Kisha geuza tena uangalie meno ya nyuma, yale yanayong'ang'ania papi. Pima toka pale jino linapokaa kwenye papi hadi mkia wa kigae (ncha yake ya chini), maana kigae kikiwa na urefu sawa ila jino limekaa sentimita moja chini zaidi, mkia wake utapanda juu kuliko wa jirani na maji yatapata mlango. Angalia na mfereji wa chini uko upande gani, kushoto au kulia ukikitazama toka usoni. Vigae vingi vinapangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, ila vipo vilivyokwenda kinyume, na hivyo viwili haviwezi kuoana hata ufanye nini.

Mwisho chora ubavu wake. Simamisha kigae kwa mkia juu ya boksi gumu, zungushia penseli, geuza ukisimamishe kwa kichwa uchore tena, kata kwa kisu. Hilo boksi ndo utazunguka nalo badala ya kubeba kilo mbili tatu za udongo, ukifika mahali unalipachika tu kwenye kigae cha mtu, likicheza unashukuru unaondoka.

Ya kununua sasa. Watu wote wanaanza na duka, mimi naanza na nyumba yako mwenyewe. Zunguka kiwanja. Wajenzi wa zamani walikuwa wanaacha spea, utazikuta darini zimesimamishwa ukutani, nyuma ya stoo, chini ya tangi, au mtu alishazichomeka ardhini kuzungushia bustani (hizo za bustani nyingi zimeshakula chumvi ya udongo, zikague sana). Alafu angalia mapaa madogo: jiko la nje, choo cha nje, banda, gereji. Mara nyingi yaliezekwa siku moja na nyumba kubwa kwa vigae vile vile.

Na hata kama huna banda bado unayo akiba, upande wa nyuma wa paa. Hii ndo njia wanayotumia mafundi wa majengo ya kale: unashusha vigae vizima vya upande usioonekana, unavitumia kuziba upande wa mbele, alafu upande wa nyuma wote unaupa vigae vipya vya aina nyingine, vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kule kileleni pande mbili zinakutana chini ya kofia (vile vigae vinavyofunika kilele), hazihitaji kushikana, kwa hiyo huo mchanganyiko hauleti shida. Mpaka wa aina hizo mbili uwe kileleni au kwenye bonde tu (pale miteremko miwili inapokutana kwa chini), usije ukachanganya katikati ya mteremko mmoja. Na vigae vipya viwe na uzito unaokaribiana na vya zamani, maana kenchi (mbao kubwa zinazobeba paa) zilipigwa kwa uzito ule. Kwa vigae kumi na kitu vya kwako lakini huna haja ya kufika huko, banda linakutosha.

Vikikosekana hapo ndo utoke nje. Wanaobomoa nyumba ndo watu wa kwanza kujuana nao, na uwape namba yako kabla hawajaanza kubomoa, siyo baada, maana wakishaanza vigae vinatupwa chini kama takataka. Mwenye nyumba ya jirani iliyojengwa kipindi kimoja na yako anayetaka kubadili paa, huyo ni dhahabu. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi vilivyotumika wanafuata. Na usisahau kiwanda chenyewe, ukishakuwa na jina la mgongoni litafute kwenye mtandao, vipo viwanda vilivyokufa ila umbo lao lilinunuliwa na kiwanda kingine na linatoka mpaka leo kwa jina jipya. Ukituma ulizo tuma picha nne: uso, mgongo, kichwa, na mkia, meja ikiwa imelazwa juu yake inasomeka, siyo picha ya paa iliyovutwa kwa simu toka barabarani, hiyo hakuna mtu atakayekujibu.

Popote utakapovipata usilipe kabla ya jaribio hili. Laza fito mbili chini kwa nafasi ile ile ya papi zako, ziinamishe kama paa lilivyoinama, panga vigae vyako vitatu na hicho cha kununua kikiwa katikati yao, juu pawe na kimoja na pembeni pande zote mbili. Mwaga maji na birika toka juu, uchungulie chini. Muuzaji atakutazama vibaya, mwache akutazame.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimepata vigae vilivyotumika vya saizi yangu kabisa na chapa ile ile, lakini vyao ni vyekundu na vyangu vimeshakuwa vya kijivu karibu na kahawia. Mume wangu anasema tupake rangi. Alafu nitajuaje kama bado ni vizima na sinunui uchafu? – Mama wa Nyumba ya Kona

JIBU: Nzuri dada. Rangi acheni. Kigae cha udongo kinavuta unyevu kidogo na kuuachia, ukikipaka rangi umemfungia mlango wa kutokea, na baada ya muda rangi inabanduka na ngozi ya kigae.

Kabla hamjabishana kuhusu rangi ya kigae chenu, kichomoeni kimoja muangalie ile sehemu iliyokuwa imelaliwa na kigae cha juu. Hapo jua na ukoga havikufika, ndo rangi yake halisi. Linganisheni hapo, tena vikiwa vikavu, alafu mvilowanishe mlinganishe tena maana udongo wa machimbo tofauti unaonekana mmoja ukiwa mkavu na unaachana ukilowa. Ikilingana hapo basi hayo mengine ni vumbi, ukoga na kuvumwani, mvua zitaleta zenyewe. Na mnapovipanga msivijaze sehemu moja, hapo vitaonekana kiraka hadi wajukuu waulize. Vichanganyeni na vya zamani, mkitoa vya zamani vizima sehemu zingine kuvijaza pale katikati.

Ukaguzi: kamata kigae kwa vidole viwili kwenye kichwa kikiwa kinaning'inia, kigonge taratibu na kitu cha chuma, funguo inatosha. Kizima kinalia sauti safi inayokaa kidogo, chenye ufa kinatoa mlio uliokufa, tap, basi. Fanya kwa kila kimoja, usikubali kuonyeshwa vitano vya juu vya rundo. Pili, mkwaruze mgongo kwa kucha au msumari karibu na mkia, unga ukitoka au vigamba vikibanduka basi hicho kimeshaliwa. Chumvi inaingia na maji, maji yanakauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu na kuvisukuma vipasuke, na kazi hiyo inaanzia chini ambako hamuoni, uso unabaki mzuri kabisa. Sehemu zenye baridi ya kugandisha ni barafu ndo inafanya uharibifu wa namna hiyo. Tatu, meno ya nyuma yawepo. Kigae kilichokatika meno kinaweza kufungwa kwa waya kama kina tundu lakini bei yake isiwe sawa na ya mwenzake.

Kama una mashaka na kundi zima, pima uzito wa kigae kimoja kikiwa kikavu kabisa, kiloweke usiku na mchana, kifute, pima tena. Kama kilikuwa kilo 2.5 kikawa 2.9 basi kimekunywa asilimia 16 ya uzito wake. Fanya hivyo na kimoja chako kizima kilichohimili paa miaka yote hiyo, ukikuta cha muuzaji kinakunywa mara mbili ya chako, achana naye.

Ah, na umuulize vimetoka wapi. Mapaa ya majengo ya kale yanaibwa vigae usiku, muuzaji halali atakutajia jengo lililobomolewa bila kubabaika.

SWALI: Mambo vipi mzee. Mimi ni fundi kijana, nina mteja ambaye kigae chake hakipatikani popote. Kuna wafinyanzi wenye tanuru nawafahamu, nilitaka nichukue kigae kizima nitengeneze kalibu (chombo cha kufyatulia) ya plasta nipige nakala. Itafaa? – Fundi Mwenzio

JIBU: Poa kijana. Itafaa ila siyo kwa hiyo njia, ukifanya hivyo utatoa vigae vya kitoto. Udongo unasinyaa ukikauka na unasinyaa tena motoni, udongo mwingi wa kazi hii jumla inafika asilimia 8 hadi 12 hivi. Kalibu ukiitoa kwenye kigae cha milimita 410 na udongo wako unasinyaa asilimia 10, kitakachotoka tanuruni kina 369. Hakishiki papi wala mfereji.

Kwa hiyo anza na udongo. Tengeneza kibao kidogo, chora juu yake mstari wa milimita 100 ukiwa mbichi, kikaushe, kichome kwa joto lile lile utakalochomea, pima mstari. Ukisoma 90, gawa kila kipimo cha kigae kwa 0.9: 410 inakuwa karibu 456, na mifereji, meno, unene, vyote vivyo hivyo. Kwa hiyo unachonga modeli kubwa upya, na kalibu unaitoa kwenye hiyo modeli. Udongo ukibadilisha machimbo rudia kibao.

Vikaushwe kivulini, vimelazwa kwenye ubao wenye umbo lake na vigeuzwe, jua la moja kwa moja linavikunja. Na toza vizuri, hii ni kazi ya kurudiarudia na vingi vitaharibika kwenye tanuru la kwanza, kwa vigae kumi mteja atalia bei. Inaleta maana kwa vile vya umbo la pekee, kofia za kona, vya ncha, vya pambo. Vigae bapa vidogo visivyo na mifereji ndo rahisi zaidi kunakili. Uingereza vipimo vyake viliwekwa kwa sheria tangu 1477 wakati wa mfalme Edward IV, inchi 10 na nusu kwa 6 na robo, na vya kisasa vya milimita 265 kwa 165 havijasogea mbali na hapo, kwa hiyo mteja wa vigae vya aina hiyo usimpeleke kwa mfinyanzi kabla hujamtafutia dukani.

SWALI: Fundi, vya kwangu si vya udongo, ni vibapa vyembamba vya kijivu, vigumu, vimekatwa kama almasi. Kimoja kimepasuka nikataka nikikate kwa grainda kitoshe penginepo, jirani akaniambia niache kabisa, kuna ugonjwa. Ananitisha? – Mwenye Haraka

JIBU: Zima grainda. Jirani yako yuko sahihi na umnunulie soda.

Vibapa vyembamba vya saruji vya namna hiyo vimetengenezwa kwa wingi toka Ludwig Hatschek wa Austria alipobuni mwanzoni mwa karne ya 20 namna ya kuchanganya saruji na nyuzi za asbesto. Nyuzi hizo zikikaa zimeshikwa na saruji hazina fujo sana, tatizo ni vumbi: kukata, kutoboa, kuvunja, kusugua, kupiga maji ya presha. Ukivuta vumbi hilo linakaa kwenye mapafu na saratani yake inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Uingereza ilipiga marufuku moja kwa moja 1999, Umoja wa Ulaya wote 2005, na nchi nyingine nyingi kwa wakati wake, kwa hiyo paa la kabla ya hapo lichukulie kuwa lina asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Vilivyotengenezwa baadaye vina nyuzi nyingine zisizo na madhara hayo na kwa macho huwezi kuvitofautisha hata uwe fundi wa miaka mingapi.

Kipande kilichopasuka kilowanishe, usikivunje zaidi, piga simu kwa wenye leseni ya kazi hiyo. Na vya kubadilishia usitafute kwa waliobomoa, hata ukipewa bure. Vipo vipya visivyo na asbesto vya umbo na saizi hiyo hiyo.

SWALI: Kigae changu kimepasuka vipande viwili tu, safi. Si nipake silikoni yaishe? – Mvivu

JIBU: Silikoni haishiki kwenye udongo wenye vumbi na unyevu, mvua mbili jua tatu imebanduka. Ukiongeza na saruji juu ndo umeharibu kabisa, maana saruji inavigandisha na majirani zake na siku ya kutoa hicho kimoja utavunja vinne. Kama unasubiri kupata kigae, chukua kipande cha bati laini la alumini au zinki, kipenyeze chini ya kile kilichopasuka, kichwa chake kiingie chini ya kigae cha juu na mkia wake ulalie kigae cha chini. Hakionekani, hakivuji, na hakiharibu kitu. Kigae cha pekee ambacho huwezi kupata mwenzake kinaweza kugundishwa kwa epoksi chini, mezani, kikiwa kimekauka kabisa. Siyo juu ya paa.

SWALI: Nitajuaje kama vigae vyangu ni vya udongo au vya saruji? Vimepakwa kitu chekundu juu. – Asiyejua

JIBU: Angalia mahali palipovunjika. Saruji inaonyesha mchanga na vikokoto vidogo, kijivu au rangi iliyofifia, na uso wake wa zamani ukipapasa unakwaruza kwa sababu ile ngozi ya rangi imeshaoshwa na mvua. Udongo wa kuchoma ni laini, rangi moja ndani na nje, mara nyingine katikati mweusi kwa ajili ya moto. Vya saruji vina nafuu ya utambuzi, vimetoka kwenye mashine havijajikunja, na kampuni nyingi zinapiga jina na namba ya umbo chini yake. Shida yake ni moja, kampuni zilibadilisha maumbo mara kwa mara na kuacha jina lile lile la biashara, kwa hiyo usiagize kwa jina, agiza kwa boksi lako lililokatwa.

Na msichanganye hizi aina mbili. Vigae vya saruji vya kushikana vinapiga kilo 45 hadi 50 kwa mita ya mraba, kigae cha udongo cha Mangalore kiko chini kidogo ya hapo, bati halifiki hata kumi. Ukimpa kenchi mzigo asiouzoea atapinda, ukimpunguzia sana upepo nao utataka kubeba paa, lazima lifungwe upya kwa hesabu.

SWALI: Fundi vigae nimepata, kofia za kileleni ndo hakuna. – Bado Nusu

JIBU: Kofia siku zote ndo za mwisho kupatikana, kwenye nyumba nzima zinakuwa chache alafu nyingi zinavunjwa wakati wa kubomoa kwa sababu mtu aliziwekea saruji kali, ikawa ngumu kuliko kofia yenyewe. Zilizowekwa kwa chokaa zinatoka nzima. Ukinunua zilizotumika tafuta zenye chokaa iliyobaki ndani, inang'oka kwa patasi ndogo ya mbao. Habari njema ni kwamba kofia haihitaji kushikana na kigae, inahitaji pembe sawa na kupana vya kutosha kufunika vichwa pande zote mbili, kwa hiyo hapo unaweza kuchukua ya kiwanda kingine. Pima pembe ya kilele kwa mbao mbili zilizopigwa msumari mmoja uende nazo. Na ukizirudisha tumia chokaa, mwenye nyumba wa baadaye atakushukuru.

SWALI: Nahitaji vigae ishirini. Ninunue ishirini au niongeze? – Mbahili

JIBU: Ongeza. Vya zamani vinavunjika kwenye gari, vinavunjika kwenye ngazi, na fundi akipanda atakanyaga angalau kimoja hata umwambie akanyage chini karibu na mkia pale kigae kinapolala juu ya papi na siyo katikati. Kwa ishirini mimi nachukua thelathini kama bei inaruhusu, na kama muuzaji anamaliza rundo chukua lote mgawane na jirani. Vinavyobaki visimamishe kwa ubavu darini au stoo, juu ya mbao, usivilaze kimoja juu ya kingine. Na kile ulichokipimia, pamoja na lile boksi, andika tarehe na chapa kwa kalamu ya wino nene uviweke hapo hapo na vigae.